Fundi Asamani Anafundishwa Kulegea

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, wanawake wanane walilala chali juu ya mikeka ya plastiki katika chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali moja mjini Koforidua, wakakunja ngumi. Sita kati yao walikuwa wauza shanga wa soko la Alhamisi. Kutunga shanga hukunja shingo saa tisa kwa siku, na shingo iliyozoea kukunjwa haikunjuki mtu anapolala. Huendelea na kazi peke yake. Mtaalamu wa viungo, binti wa kabila la Kiewe aliyeitwa Edinam, alisimama katikati yao akitazama saa ya ukutani.

"Kaza," alisema. "Kaza zaidi. Sekunde saba. Usibane pumzi, mama, pua haina kosa. Haya, legeza. Usiifungue ngumi kwa nguvu. Iache ijifungue."

"Mimi nikilegeza napitiwa na usingizi," alisema mwanamke wa karibu na dirisha.

"Pitiwa, ila usikorome. Wiki iliyopita ulituharibia hesabu."

Walicheka, na kwa kucheka wakakaza matumbo, ikabidi waanze upya.

Adwoa Nyarkoa hakucheka. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na mabega yake yalikuwa yamepanda kuelekea masikioni kwa muda wa miezi kumi na minne. Edinam aliyabonyeza kwa vidole gumba, akayakuta magumu kama ubao wa kukatia nyama. Akamweleza kama alivyowaeleza wengine: msuli uliokazwa kwa makusudi unajua kwamba umekazwa, lakini uliokazwa na maisha haujui. Kwa hiyo mtu huanza kwa kuukaza zaidi, ili upate kukumbuka kwamba kuna chini pa kushukia. Mikono kwanza, kisha uso na taya, mabega, tumbo, mapaja, nyayo. Sekunde saba za kukaza, thelathini za kusikiliza tofauti.

"Unabeba nini, mama?"

"Sibebi kitu."

"Basi yaambie mabega. Hayana habari."

Somo lilipokwisha, Nyarkoa alivaa kandambili zake, akapita nyuma ya jengo la kufulia, akaingia mochwari kumsalimu mumewe.

Kwaku Asamani alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na sita. Alifariki Jumanne moja akiwa amesimama kwenye meza ya kukatia, suruali ya mteja ikiwa imekatwa mguu mmoja. Jumatano ndugu wa upande wa mama yake walifika kutoka Berekum, mwendo wa kutwa, wakachukua ufunguo wa duka na karatasi ya mochwari. Mwanamume wa Kiakani ni wa ukoo wa mama yake. Mkewe huazimwa tu. Mkuu wa ukoo, Mzee Takyiaw, alimweleza Nyarkoa jambo hilo kwa upole, akiwa ameketi kwenye kiti cha marehemu: mume ni wako anapopumua, akiacha kupumua, anarudi kwao. Nyarkoa hakubisha. Yeye pia alikuwa wa kabila la Kiakani, kutoka Oda, na ukoo wake uliwahi kuwaambia wake za wajomba zake maneno hayo hayo.

Maziko yalisubiri. Paa la nyumba ya ukoo lilipaswa kubadilishwa kwanza, kuta za uani kupakwa rangi, na shangazi mmoja aliyekuwa Toronto kupata likizo. Hayo yote yalikuwa tayari ndani ya miezi minane. Kilichobaki ni marehemu mwenyewe.

Miaka miwili nyuma, ukoo wa jirani ulikuwa umemketisha dereva wao marehemu nyuma ya usukani kwa siku nzima ya kuagwa, miwani ya jua usoni, na watu wa Berekum walikuwa bado wanalizungumza. Ukoo wa Asamani ukakata shauri kwamba fundi wao ataketi kwenye cherehani, miguu juu ya kanyagio, mikono juu ya kitambaa. Seremala alitengeneza jukwaa kwa vipimo vya mtu aliyeketi. Matangazo yenye picha yakabandikwa kwenye nguzo. Lakini Asamani hakukunjika.

Bediako, mtunza mochwari, alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na alijua njia zote: maji ya vuguvugu, mafuta, kusugua kiungo, kuvuta taratibu. Maiti wengi hulainika kwa dakika arobaini. Asamani alikuwa amefunga taya, amekunja ngumi zote mbili, amepandisha mabega, na magoti yake yalinyooka kama rula ya mbao. Mzee Takyiaw alikuja, akamwaga pombe ya jin sakafuni kama tambiko, akamkaripia kwa jina lake la utotoni. Hakuna kilichobadilika. Tarehe ya kwenye matangazo ilikatwa kwa wino mara ya kwanza, kisha mara ya pili.

"Mabega yenu yamefanana," Bediako alisema Jumatatu ile, akivuta droo ya jokofu.

Nyarkoa aliketi kwenye kigoda. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amemsimulia mumewe habari za siku nzima wakati wa kula, na hakuona sababu ya kuacha.

"Leo tumefundishwa ngumi," alimwambia. "Unakaza kwa sekunde saba, halafu unaacha. Hivi."

Alikaza ya kwake. Asamani akakaza zake. Vifundo vya vidole vikajitokeza chini ya ngozi. Nyarkoa alihesabu mpaka saba.

"Legeza."

Ngumi ya kulia ilibaki kama ilivyokuwa. Ya kushoto ikajifungua, kidole kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo. Ndani ya kiganja mlikuwa na kipande cha chaki ya kuchorea kitambaa, cha rangi ya bluu.

Bediako alikuwa akiandika kwenye daftari lake la zamu. "Anasikia," alisema. "Wengi wanasikia, ila hawafanyi. Nyumbani alikuwa mtiifu hivi?"

"Hata! Nikimwambia akaoge, anauliza kwani nani anakuja."

Kuanzia siku hiyo, alichojifunza saa tatu alikifundisha saa nne na nusu. Jumatatu ya pili walifanya mikono hadi viwikoni. Ya tatu walifanya uso. Asamani alikunja paji, akafinya macho, akakaza midomo kama mtu aliyeshika pini kwa meno, kisha akaachia, na uso ukawa ule aliokuwa nao kijana aliyemshonea Nyarkoa sare ya kwaya bila kumpima, akisema ameshamwona na inatosha. Ile sare ilimkaa sawasawa. Nyarkoa aliutazama uso huo kwa muda uliozidi sekunde thelathini. Jumatatu ya nne lilikuwa taya. Lilipoachia, pumzi ambayo Asamani alikuwa ameifungia tangu Jumanne ya kufa kwake ilitoka, ndefu, ikinuka makaa ya pasi. Ikaisha. Nyarkoa alisubiri nyingine, nayo haikuja.

Bediako alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Alipiga simu Berekum akaripoti kwamba mkono wa kushoto unakunjika kiwikoni na taya limeachia. Upande wa pili wa simu vilisikika vigelegele.

Wiki hiyo hiyo alifika Yaa Dwomoh, dada mkubwa wa Asamani, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni. Alikuja kukagua. Aliukunja mkono wa mdogo wake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Wifi," alisema, "huyu tulimwita kichwa ngumu tangu anatambaa. Mama alimchapa mpaka akachoka mama. Kumbe wewe una swichi yake."

"Ningekuwa nayo, wifi, nisingeizima."

Dwomoh akahesabu kwa vidole viungo vilivyobaki: mkono wa kulia, mabega, tumbo, mapaja, nyayo. "Wiki tano," alisema. "Tukifanya Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao, shangazi wa Toronto atawahi. Umefanya jambo kubwa. Tutakutaja."

Baada ya yeye kuondoka, Nyarkoa alirudia hesabu hiyo na kupata jibu lilelile. Kutoka mlangoni kwake hadi droo ya mumewe zilikuwa hatua mia sita na arobaini, alikuwa amezihesabu. Hadi Berekum ni kutwa nzima, na makaburi ya ukoo yako nyuma ya nyumba ya Mzee Takyiaw, ambapo mke wa marehemu huingia kwa ruhusa, na ruhusa hutolewa siku ya kutimiza mwaka. Baadaye hutolewa ikikumbukwa. Kila msuli uliolegea ulikuwa unamsogeza Asamani kuelekea kaskazini.

Jumatatu iliyofuata hakumfundisha chochote. Alimsimulia kwamba duka lake sasa linauza kadi za simu, na kwamba mteja wa suruali ya mguu mmoja alikuja kuulizia akaona haya, akaondoka. Jumatatu ya pili alimsimulia habari za mvua. Jumatatu ya tatu alikaa tu. Mabega ya Asamani yalibaki masikioni, na ya Nyarkoa yalibaki masikioni, na Bediako hakuwa na la kuripoti.

Ndipo Mzee Takyiaw akaja mwenyewe nyumbani kwa Nyarkoa. Alimletea viazi vikuu sita, akamuuliza hali ya shingo, akakubali maji ya kunywa. Nyarkoa alisubiri mpaka alipoiweka chini glasi.

"Mzee, mzikeni hapa. Ameishi hapa miaka thelathini na sita. Mkimzika hapa nitamlegeza mpaka ukucha. Akitakiwa kuketi ataketi. Akitakiwa kushona atashona."

"Mke wetu, umesema vizuri," alijibu Mzee Takyiaw. "Lakini ukoo haumwachi mtu wake barabarani."

"Koforidua si barabarani."

"Kwa mtu ambaye mama yake hakuzikwa hapo, ni barabarani."

"Basi niruhusuni nimwoshe."

"Wa kumwosha wapo."

"Niketi naye siku ya kuagwa. Pembeni tu. Sitasema kitu."

"Mjane ana chumba chake, na wenzake wa kukaa naye. Mila haikukutupa, mke wetu. Imekupangia mahali." Alisimama, akachukua kofia yake. "Sisi hatuna haraka. Jokofu lina umeme."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Alikuwa amewaambia wajane wengi, na mama yake mwenyewe aliwahi kuambiwa.

Siku nne baadaye Bediako alimwita Nyarkoa kupitia kwa muuza maji wa getini. Jokofu lilisoma nyuzi nne, kama kawaida. Maiti wa droo za kulia na kushoto walikuwa wakavu. Asamani alikuwa anatoka jasho. Lilikuwa limesimama kwenye paji la uso kwa matone, na shuka lilikuwa limelowa kwapani na mgongoni.

"Hili ni la tatu leo," Bediako alisema, akionyesha mashuka mawili kwenye ndoo. "Mama, mimi siingilii ya watu. Ila nimewaona wengi humu ndani. Huyu anafanya kazi."

Nyarkoa alivuka ua hadi chumba cha mazoezi. Edinam alikuwa anakula wali na maharage kwenye jani.

"Mtu anaweza kuchoka kwa kukaza tu, bila kufanya kazi?"

"Kukaza ndiyo kazi, mama. Msuli haujui kama umebeba gunia au umebeba hofu. Unachoka vilevile."

"Hata akiwa amelala?"

"Hata akiwa amekufa," alisema Edinam, ambaye alijua Nyarkoa anakokwenda kila Jumatatu. Alimeza. "Anadhani akiachia kuna kitu kitaanguka. Lazima aambiwe na mtu anayemwamini kwamba hakitaanguka."

"Na kama kitaanguka?"

Edinam alifikiri. Alikuwa na miaka ishirini na saba na cheti kizuri. "Hilo halimo kwenye somo," alisema.

Nyarkoa aliketi nje ya mochwari kuanzia saa sita hadi saa nane. Kisha akaingia, akamkausha mumewe paji la uso kwa ncha ya kitenge chake, akamfundisha vyote vilivyobaki kwa kikao kimoja. Mabega yalishuka kwa mshindo mdogo, kama rafu iliyowekwa chini. Tumbo likabonyea. Mapaja yakatulia, magoti yakakunjika yenyewe, nyayo zikaanguka upande mmoja na mwingine. Ukabaki mkono wa kulia.

"Legeza," alimwambia, na safari hii ngumi ikafunguka. Ilikuwa tupu. Nyarkoa akaweka kiganja chake ndani.

"Kaza."

Asamani alikaza. Nyarkoa alihesabu sekunde saba, akaendelea na ya nane. Bediako aligeukia ukutani, akasoma kalenda ya kampuni ya saruji. Nyarkoa alihesabu mpaka mia mbili na kumi. Alikuwa na haki ya kuendelea, kwa sababu mwanafunzi hulegeza anapoambiwa, lakini tone la jasho lilitokea tena juu ya nyusi ya mumewe, akaliona.

"Legeza," alisema. "Hakuna kitakachoanguka."

Mkono ukawa laini kama unga uliokandwa. Bediako akapiga simu.

Asamani alipelekwa Berekum Alhamisi, akiwa ameketi kitako ndani ya gari la wagonjwa la kukodi. Jumamosi ya tatu ya mwezi aliketi kwenye jukwaa, mbele ya cherehani, amevaa kente, futi ya kupimia shingoni. Watu walisema amependeza. Walisema yule dereva alionekana kama aliyepata ajali, lakini huyu ungedhani atakuuliza kiuno chako inchi ngapi. Nyarkoa alikaa katika chumba cha wajane, akapita mbele ya jukwaa katika mstari pamoja na wengine, akapewa muda waliopewa wengine, kama nusu dakika. Kijana wa kuongoza mstari alimwambia, "Mama, tusogee." Alisogea.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Mkono wa kulia wa marehemu haukukaa juu ya kitambaa. Kila walipouweka, uliteleza ukaning'inia. Mwisho waliufunga kwa uzi wa rangi ya kitambaa, na kwenye picha hauonekani.

Mkono wa kulia wa Nyarkoa, kwa upande wake, ulikuwa haujafunguka tangu siku ile ya kikao cha mwisho. Aliporudi kwenye mkeka, Edinam aliushika, akajaribu kupenyeza kidole kati ya vidole, akautia maji ya moto, akaubonyeza kifundo cha mkono pale ambapo ngumi yoyote huachia.

"Si wewe unayekaza," alisema.

"Najua."

"Unashikwa."

"Ndiyo."

Edinam akaandika kwenye kadi: *mkono wa kulia umeshikwa*. Kisha akasema waendelee na wa kushoto.

Habari husafiri. Siku ya arobaini baada ya maziko, Mzee Takyiaw alifika Koforidua pamoja na Dwomoh na mwandishi wa ukoo. Walikuwa wamemwalika pia mjomba wa Nyarkoa kutoka Oda, Mzee Ofei, ili mambo yaende sawa. Waliketi sebuleni. Mzee Takyiaw aliutazama mkono huo bila kuugusa, akaomba ruhusa, akaugusa.

"Ni yeye," alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa akishika tangu utoto."

Akaeleza kwamba walimzika mtu wao akiwa na upungufu, na kwamba huo mshiko ni mali ya ukoo. Akamwomba mke wao aulegeze. Nyarkoa alisema hawezi, kwa sababu anayekaza si yeye. Dwomoh akajaribu kwa nguvu, na ana nguvu, akaacha. Mwandishi akajaribu. Mzee Ofei akakohoa, akasema kwamba mshiko unaweza kuwa wa Berekum, lakini mkono unaoshikwa ni wa Oda, na Oda haijatoa mkono kwa mtu.

Hapo mazungumzo yakaanza hasa. Yalichukua saa mbili na nusu, na yalikuwa ya heshima. Walikubaliana kwamba mshiko utabaki ulipo kwa sasa. Nyarkoa atakapokufa, ukoo wake utamchukua kwenda Oda, kama ilivyo haki yake. Lakini kabla ya kumzika watawaita watu wa Berekum, nao watauchukua mshiko wao na kuuzika pamoja na mwenyewe. Umbali kati ya makaburi hayo mawili haukujadiliwa, kwa kuwa hakuna aliyeona kwamba unahusika. Mwandishi aliandika nakala mbili. Wazee wakatia sahihi. Nyarkoa hakuulizwa neno. Aliletewa karatasi mwisho, akaweka dole gumba la kushoto.

Wanaume walitoka kwanza. Dwomoh alibaki nyuma akitafuta mkoba wake, ambao ulikuwa begani. Aliutazama ule mkono uliolala juu ya paja la Nyarkoa.

"Anakuumiza, wifi?"

"Kidogo. Alfajiri zaidi."

"Mimi dada yake mkubwa, huwa ananiogopa. Nimwambie aachie?"

Nje dereva alipiga honi. Nyarkoa alifunika mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Mwache," alisema.